Watu wa Getini Hawamo Daftarini

Juni 17, 2020, siku chache tu baada ya Ligi Kuu kurudi kutoka kwenye mapumziko ya corona, JKT Tanzania iliikaribisha Yanga katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma. Watu walifurika. Yanga ikija Dodoma watu hufurika hata mwaka wa kawaida, sembuse baada ya karibu miezi 3 ya kukaa bila mpira. Mwongozo wa serikali ulifahamika: kunawa mikono mlangoni, kuachiana nafasi majukwaani, uwanja usijae. Majukwaani mambo yakawa yale yale ya siku zote, bega kwa bega. Serikali haikufurahi, na JKT ikaamriwa icheze mechi zake zilizofuata pale Jamhuri bila mashabiki.

Vijiweni adhabu ile ilijadiliwa kwa pande mbili. JKT imekosa mapato ya mlangoni. Mashabiki wa Dodoma wamejikosesha utamu wenyewe. Upande wa tatu haukupata msemaji, nao ni wa watu waliosimama getini siku ile: wakata tiketi, vijana wa kupanga foleni, wenye ndoo za maji na sabuni, wafagiaji wa majukwaa. Mashabiki wakizuiwa, hao nao hawaitwi. Ndani ya miezi 3 walikuwa wamepoteza kibarua chao mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya ugonjwa, mara ya pili kwa sababu ya watu walioshindwa kukaa mbalimbali. Ukitaka kuwa mkali utasema kosa lilikuwa lao pia, kwa kuwa wao ndio waliotakiwa kuwapanga watu. Sawa. Lakini kijana aliyeitwa asubuhi ya mechi, bila mafunzo na bila mamlaka yoyote, atamwambiaje mtu mzima aliyelipa kiingilio chake asogee viti viwili?

Miaka imepita na corona tunaizungumza kama hadithi ya zamani. Mimi narudi kwenye mwaka ule kwa sababu ulituonyesha kitu ambacho bado kipo palepale. Watu wa getini hawakukosa malipo yao ya 2020 kwa sababu klabu zilikuwa maskini, ingawa nyingi zilikuwa maskini kweli. Walikosa kwa sababu majina yao hayakuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Huwezi kumlipa, kumkopesha, kumpa pole wala kumwomba radhi mtu ambaye hujui ni nani.

Fika Jamhuri saa 4 asubuhi siku ya mechi kubwa, kabla askari hawajajipanga. Utamkuta mtu wa chokaa anamalizia mistari ya eneo la hatari, kamba imefungwa kwenye vijiti viwili. Akina mama wa usafi wanafagia maganda ya karanga na chupa za maji za mechi iliyopita, au za mkutano wa hadhara, maana uwanja huu ni mali ya CCM na una shughuli nyingi kuliko mpira. Wauza tiketi wanasubiri kukabidhiwa mzigo wao. Waokota mipira, wengi wao watoto wa shule, wanazungukazunguka kwa furaha wasiyoijua bei yake. Msimamizi anatoa vizibao vya kung'aa kutoka kwenye mfuko wa salfeti, kila kizibao na namba yake, na namba inaandikwa. Jioni, filimbi ya mwisho ikishapulizwa na watu wakishatoka, kila mmoja anarudisha kizibao, kinahesabiwa, halafu posho inatolewa mkononi, noti juu ya noti, bila karatasi. Kizibao kikipotea, kinakatwa kwenye posho. Daftari la vizibao nimeliona kwa macho yangu. La watu sijaliona.

Mtaani tunawaita deiwaka, kama tunavyomwita kijana anayeshikishwa daladala kwa saa mbili wakati mwenyewe amekwenda kula. Wanaitwa kwa simu. "Njoo Jumamosi saa nne," basi, mkataba umesainiwa. Msimamizi akihama, akiugua au akibadilisha simu, mtandao mzima wa watu 50 au 60 unapotea naye, na msimamizi mpya anaanza na vijana wa mtaani kwake.

Posho ya getini haimtoshi mtu, na hakuna anayedai inamtosha. Ni tonge moja katika sahani ya matonge mengi. Mtu huyohuyo Jumatatu yuko kwenye ujenzi kule Mtumba, Jumatano anabeba mizigo Soko la Majengo, msimu wa zabibu ukifika anakwenda kuvuna mashambani, mwisho wa wiki yuko Jamhuri. Ndivyo watu wa kipato cha chini wanavyoishi katika mji huu, hasa wale waliokuja kutoka Bahi, Kongwa na Mpwapwa baada ya mtama kukauka shambani mwaka mmoja au miwili mfululizo. Tonge likiondoka moja, mengine yanaweza kulifidia. Mwaka 2020 yaliondoka mengi kwa wakati mmoja.

Tukumbushane. Machi 16 mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kusimamisha shule na mikusanyiko, michezo ikiwamo, kwa siku 30 za kuanzia. Vyuo vikafuata. Tanzania haikufunga masoko wala kuwazuia watu ndani, na hilo liliwaokoa wengi. Lakini Dodoma ni mji wa wanafunzi na wa vikao. UDOM ilipofungwa, na St. John's, na CBE, na Chuo cha Mipango, wapika chipsi, wafua nguo, bodaboda na wenye vyumba vya kupangisha walilia pamoja. Bunge la bajeti liliendelea, ila wabunge waliokaa ukumbini walipunguzwa. Mikutano ya semina, ambayo ndiyo inayojaza kumbi za hoteli zetu, ikakatika. Katika mwezi kama huo posho mbili tatu za uwanjani ndizo zingekuwa unga wa wiki.

Mei 21, akiwa Ikulu ya Chamwino, Rais John Magufuli alitangaza kwamba michezo irudi kuanzia Juni 1. Ligi yenyewe ilianza tena Juni 13. Hapo katikati kulikuwa na mjadala mkali kuhusu vituo. Mpango wa kwanza ulikuwa Ligi Kuu imaliziwe Dar es Salaam na madaraja ya chini yaende Mwanza. Viongozi wa klabu walilalamika, makocha walilalamika, wachambuzi wa redio walipiga hesabu za nani atanufaika na nyasi za nani. Baadaye ukabadilishwa, kila timu ikacheza kwake. Kwa mtu wa getini Dodoma mabadiliko yale yalikuwa tofauti kati ya kupata kitu na kukosa kabisa. Katika mjadala wote ule, niliousikiliza kwa makini kwa kuwa ndiyo kazi yangu, sikusikia hata mmoja akimtaja.

Uingereza miezi ileile mambo yalikwenda kwa kelele nyingine. Machi Manchester United ilisema itawalipa vibarua wake wa siku ya mechi kwa michezo iliyobaki ya msimu, hata kama haitachezwa au itachezwa bila watu. Aprili 4 Liverpool ilitangaza kwamba baadhi ya watumishi wake wasio wachezaji watawekwa kwenye mpango wa serikali uliolipa asilimia 80 ya mshahara, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mashabiki wake wenyewe wakawaka, wachezaji wa zamani wakasema, na Aprili 6 klabu ikarudi nyuma na kuomba radhi. Tottenham nayo ikageuza uamuzi kama huo wiki iliyofuata. Barcelona, wachezaji walikubali kukatwa asilimia 70 na kuchangia juu yake ili watumishi wengine wapate mshahara kamili. Kule Marekani mchezaji wa kikapu Kevin Love alitoa dola 100,000 za mfukoni kwa wafanyakazi wa ukumbi wa timu yake ya Cleveland.

Mashabiki wetu wa Liverpool, na Dodoma wako tele, waliifuatilia habari ile kama ya ndugu zao. Nakumbuka mabishano ya wiki nzima kijiweni: ni haki klabu tajiri kuchukua fedha za walipakodi? Kila mtu alikuwa na jibu. Hakuna aliyeuliza yule kijana wa geti la mzunguko pale Jamhuri, ambaye wote tulikuwa tunamjua sura, anakula nini.

Sina haja ya kuwasifu Waingereza. Wengine walifanya wema baada ya kuaibishwa, na klabu zinazolipa mchezaji mmoja kwa wiki zaidi ya bajeti ya kata nzima hazistahili makofi kwa kumlipa muuza soseji. Ninachotaka tukitazame ni kilichowezesha ugomvi wao. Mpango ule wa serikali yao ulimhitaji mtu awe ameshaingizwa kwenye orodha ya mishahara iliyopelekwa mamlaka ya kodi kabla ya tarehe fulani ya Machi 2020. Kibarua wa siku ya mechi, hata mwenye mkataba usiomhakikishia saa hata moja, alikuwa na hati ya malipo, jina na namba. Klabu ikimtupa, inaonekana imetupa mtu fulani. Kwetu hakukuwa na cha kuonekana. Kilichotokea ni kwamba simu haikupigwa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wa klabu wanaosema kwamba hawa si waajiriwa, kwa hiyo hakuna deni. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa dalili moja au zaidi kati ya zilizotajwa ipo. Moja ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Hiyo mtu wa getini haifikii. Mechi 2 au 3 za nyumbani kwa mwezi ni saa 20 hivi. Lakini soma na nyingine. Namna anavyofanya kazi inasimamiwa na mwingine: ndiyo, anaambiwa asimame geti lipi na asiondoke. Saa zake zinapangwa na mwingine: ndiyo. Amepewa vifaa vya kazi: ndiyo, na vina namba. Kile kizibao kinachohesabiwa kwa umakini kila jioni ni ushahidi ambao klabu inajiandikia yenyewe.

Sisemi mtu wa getini akimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kesho asubuhi. Sheria ya ajira yenyewe inawaacha nje ya kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki wale ambao hawajatimiza miezi 6 kwa mwajiri, na wakili wa klabu atasema kila mechi ni ajira mpya ya siku moja. Kesi ingekuwa ndefu na posho ni ndogo. Ninachosema ni kwamba ile kauli ya "hao si watu wetu" haina mguu imara wa kisheria kama wanavyodhani.

Swali gumu zaidi ni wa nani hasa. Uwanja ni wa chama. Mechi ni ya klabu mwenyeji. Ligi ni ya Bodi ya Ligi, chini ya TFF. Mwaka mmoja mwenyeji ni JKT Tanzania, ambayo imewahi kufanya makao yake Dar es Salaam na kisha Dodoma; mwaka mwingine ni Dodoma Jiji. Klabu zinakuja na kuondoka, watu wa getini ni walewale. Ukiwauliza watatu hawa kwa zamu, utauona mpira ukipigwa pasi za nyuma bila kuvuka mstari wa kati.

Miaka ya mwanzo ya 2010 TFF ilikuwa na utaratibu mzuri wa kutoa hadharani mgawanyo wa mapato ya mechi. Wasomaji wa kurasa za michezo watakumbuka. Kodi ya VAT ya asilimia 18 inatangulia, halafu gharama za tiketi, halafu uwanja, gharama za mechi, kamati ya ligi, mfuko wa maendeleo ya mpira, chama cha mkoa, na klabu na chake. Kuna wakati orodha ilishuka mpaka posho ya kamishna, waamuzi, mtathmini wa waamuzi, umeme, ulinzi na usafi. Nilikuwa naisoma orodha ile kuliko matokeo yenyewe. Kamishna, mtu mmoja, ana mstari wake. Mtathmini ana mstari wake. Umeme una mstari wake. Ulinzi na usafi, yaani makumi ya watu, wamefungwa furushi moja, na ndani ya furushi hilo mzabuni au msimamizi ndiye anayejua nani amepata nini.

Tukiacha Dodoma tukapanda magharibi kidogo, Singida inatufundisha jambo hilohilo kwa rangi kali zaidi. Singida United ilipanda, ikapata wadhamini mpaka jezi ikakosa nafasi, ikamleta kocha Hans van der Pluijm, na mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha na kufungwa na Mtibwa Sugar. Miaka 2 baadaye, msimu uleule wa corona, ilishuka daraja. Kisha ikaja Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, sasa kuna Singida Black Stars yenye asili yake Ihefu ya Mbeya. Hata uwanja umebadilishwa jina, kutoka Namfua kuwa Liti. Wachambuzi tunajitahidi kufuatilia nani alimuuzia nani leseni ya nini. Mama anayefagia majukwaa pale hakuhamishwa na mauzo yoyote, kwa kuwa hakuwahi kuorodheshwa kwenye mali zilizouzwa wala kwenye madeni yaliyobaki.

Hoja ya fedha sasa, maana najua itakuja. Mwaka 2020 klabu nyingi zilikuwa na malimbikizo ya mishahara ya wachezaji, na mwenye deni la nahodha hawezi kuambiwa aanze na mkata tiketi. Naikubali nusu yake. Tupige hesabu ya kukisia tu. Chukua watu 60 kwa uwanja, posho ya shilingi 10,000, mechi 5 za nyumbani zilizokwama kwa klabu moja. Jumla milioni 3. Ligi ilikuwa na timu 20, kwa hiyo milioni 60 kwa ligi nzima. Vodacom, kwa mkataba uliosainiwa 2019, ilikuwa inaidhamini ligi kwa shilingi bilioni 9 kwa miaka 3. Milioni 60 ni asilimia 2 ya fedha za mwaka mmoja. Hata nusu ya posho ingewezekana, hata robo.

Na haikuwa fedha ya ndani peke yake. Aprili 2020 FIFA ilitangaza kuachia dola 500,000 za uendeshaji kwa kila chama mwanachama, na baadaye mwaka huo ikapitisha msaada wa dola milioni 1 kwa kila chama na 500,000 nyingine kwa soka la wanawake. CAF ilitoa dola 200,000 kwa kila chama. Fedha hizo zilikuwa na masharti, na mpira una matundu mengi ya kuziba. Sidai zingegawiwa getini. Nakumbusha tu kwamba katika matumizi yaliyoruhusiwa na FIFA yalikuwamo kurudisha kazini watumishi wa utawala. Kule juu walikumbuka watu wa ofisini. Watu wa ofisini wana orodha.

Leo hali ni tofauti kabisa. Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Wastani ni bilioni 22 na ushee kwa mwaka. NBC ikaingia kama mdhamini mkuu. Timu sasa ni 16. Chukua hesabu ileile ya kukisia, milioni 3 kwa klabu, unapata milioni 48, ambazo hazifiki robo ya asilimia moja ya fedha za matangazo za mwaka mmoja. Anayeniambia leo kwamba hakuna fedha za akiba ya watu wa getini namwomba aniambie kitu kingine.

Kuna wanaosema pia kwamba hawa wanafidiwa kwa kutazama mpira bure. Asemaye hivyo hajawahi kusimama getini. Mtu wa getini amegeukia nje. Goli analijua kwa kelele, na jina la mfungaji anaulizia kwa muuza maji.

Wala tusijidanganye kwamba tunasubiri gonjwa lingine ndipo jambo hili lirudi. Mei 8, 2021, mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga ikakataa, na mechi ikaahirishwa watu wakiwa wameshajaa Uwanja wa Mkapa. Machi 8, 2025, ikaahirishwa tena siku yenyewe, safari hii Simba ikilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Mara zote mbili nchi nzima ilijadili kanuni, pointi na tiketi: shabiki aliyetoka Mbeya kwa basi atarudishiwaje fedha yake? Ni swali la haki, na shabiki aliyelipia kwa kadi ya N-Card angalau malipo yake yana kumbukumbu. Vijana waliokuwa wameshavaa vizibao tangu asubuhi hawakuingia kwenye mjadala. Mkoani ndiyo zaidi. Mvua ya Februari ikiijaza Jamhuri maji na mwamuzi akasema haiwezekani, nani anajua kama posho ilitoka?

Dodoma ina nafasi ambayo miji mingine haina. Dodoma Jiji ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Wakati ligi imesimama ilikuwa bado Daraja la Kwanza, na msimu huohuo ikapanda. Mwajiri wake ana idara ya utumishi, ana mfumo wa mishahara, ana maofisa maendeleo ya jamii katika kila kata. Halmashauri hiyohiyo inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sisi watu wa mpira tunapaswa kuupenda mgawanyo huo, ni 4-4-2 ya zamani. Wafagiaji wa Jamhuri wakisajiliwa kama kikundi, na vijana wa getini kama kikundi kingine, ligi ikisimama kesho wanakuwa na mahali pa kugonga hodi. Kusajili watu 60 ni kazi ya mchana mmoja kwa ofisa mmoja mwenye kompyuta. Wengi wana kitambulisho cha NIDA na wote wana simu yenye M-Pesa au mtandao mwingine. Posho ikipita kwenye simu badala ya mkononi, daftari linajiandika lenyewe, na msimamizi hapati nafasi ya kukata elfu mbili za "usumbufu".

Najua kwamba kuna msimamizi atakayesoma hapa na kununa. Wako wasimamizi waungwana, waliotoa fedha zao mfukoni mwaka ule kuwanunulia vijana wao unga. Mmoja namfahamu na hapendi kutajwa. Lakini tusiutegemee uungwana wa mtu mmoja kwa jambo linalohusu viwanja vyote.

Bodi ya Ligi na TFF wana chombo tayari, nacho ni leseni ya klabu. Kila msimu klabu inaulizwa kuhusu timu za vijana, uwanja, watendaji, hati za kisheria na hesabu zake, pamoja na madeni kwa wachezaji na watumishi. Ongezeni fomu moja: orodha ya watu wa siku ya mechi kwa kila uwanja, jina na namba ya simu, inayohuishwa kila nusu msimu na kuambatana na uwanja hata mwenyeji akibadilika. Mmiliki wa uwanja aisaini pamoja na klabu, ili kusiwe na pasi za nyuma. Kwenye mgawanyo wa mapato, ulinzi utenganishwe na usafi, na kila kimoja kionyeshe idadi ya watu waliolipwa. Ligi ikisimamishwa kwa amri ya serikali, nusu ya posho ilipwe kwa mechi zilizokuwa zimeshapangwa katika siku 60 za mwanzo, kutoka kwenye fedha za haki za matangazo kabla hazijafika klabuni. Na mechi ikiahirishwa siku yenyewe baada ya vizibao kugawiwa, kwa mvua, kwa mgomo au kwa amri ya nani sijui, posho ya siku hiyo itoke yote, jioni hiyohiyo.

AFCON ya 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, na wageni watakuja na taratibu zao za watu wa uwanjani: mafunzo, vitambulisho, bima. Kwa wiki hizo chache viwanja vitakavyotumika vitakuwa na orodha nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Bodi ianze kuomba nakala yake mapema.